Sauti Zikipatana, Wenyewe Je?

Kuna swali linalonirudia kila ninaposikiliza kundi la waimbaji wanaojua kupanga sauti. Watu wakiimba kwa kupatana kabisa, sauti moja ikikaa juu ya nyingine bila kugombana, halafu ukaja kujua kwamba nje ya wimbo hawasalimiani, je, wametudanganya? Yaani ile raha uliyoipata ilikuwa halali, au uliuziwa kitu ambacho hakikuwepo?

Unaweza kusema hili ni swali la mashabiki wa muziki tu. Mimi nadhani ni letu sote. Ndugu waliokorofishana wanakaa meza moja kwenye harusi na kupiga picha wakitabasamu. Wafanyakazi wasiopendana wanakamilisha kazi nzuri na bosi anawasifu kwa umoja wao. Wanandoa waliolala mzungumzo wanawapokea wageni kwa bashasha. Sisi tunaotazama, tukiujua ukweli, tuna neno moja tu la haraka: wanafiki. Ningependa tulipime neno hilo polepole kabla ya kulitumia tena, na mizani yangu ni wimbo mmoja ulioimbwa na makundi mawili kwa nyakati mbili tofauti.

Wimbo unaitwa "Come Go with Me". Kundi la kwanza ni Del-Vikings, waliourekodi mwaka 1956 na kuufikisha nafasi ya 4 kwenye chati za Marekani mwaka 1957. Kundi la pili ni Beach Boys, waliourudia kwenye albamu yao ya mwaka 1978. Hao wa pili wakati huo walikuwa wakongwe tayari: miaka kumi na saba kwenye kazi, ndevu, wake, talaka, kesi na madeni. Ujumbe wa wimbo wenyewe ni mwepisi kama karatasi. Kijana anamwomba mpenzi wake wafuatane. Basi.

Kwa asiyeufahamu muziki wa doo-wop, mambo ni haya. Ni muziki ulioshamiri miaka ya 1950 mijini Marekani, New York, Philadelphia, Chicago, Pittsburgh na kwingineko, zaidi kati ya vijana weusi. Wengi hawakuwa na ala, kwa hiyo midomo ikafanya kazi ya ala. Mmoja anaongoza. Mmoja anapanda juu kabisa kwa sauti nyembamba. Wawili au watatu wanajaza katikati. Na wa mwisho, mwenye besi, anatembea chini akitoa silabi zisizo na maana yoyote kwenye kamusi. Silabi hizo ndizo ngoma, ndizo gitaa, na mara nyingi ndizo zinazobaki kichwani mwako siku nzima. Waliimbia kwenye kona za mitaa, kwenye ngazi za majengo, hata vyooni shuleni, popote palipokuwa na mwangwi mzuri.

Aliyewahi kuimba kwaya anajua ugumu wake. Ukiwa sauti ya nne huwezi kuimba unavyojisikia. Lazima umsikilize wa sauti ya kwanza hata kama jana alikutukana. Ukipandisha kidogo, mmeharibu wote. Ukitaka kusikika wewe zaidi, mmeharibu wote. Mwalimu wa kwaya hana shida na kinyongo chako. Anataka noti yako, mahali pake, kwa wakati wake.

Del-Vikings walikutana jeshini. Walikuwa askari wa Jeshi la Anga la Marekani katika kituo kimoja huko Pittsburgh, na kundi lao likaja kuwa na weusi na weupe pamoja, jambo ambalo wakati huo lilikuwa adimu sana kwenye muziki ule. Dave Lerchey alikuwa mweupe, na Gus Backus aliyejiunga baadaye alikuwa mweupe pia. Ili uelewe maana yake, kumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1956, mwezi Aprili, mwimbaji mweusi Nat King Cole alivamiwa jukwaani huko Birmingham, Alabama, na wazungu waliopanda kumshambulia mbele ya watazamaji wake. Na kule Montgomery, jimbo hilohilo, watu weusi walikuwa wakitembea kwa miguu badala ya kupanda mabasi yaliyowatenga, na waliendelea hivyo hadi Desemba.

Sasa, vijana hawa wa Pittsburgh walikuwa pamoja kwa nini? Si kwamba siku moja Marekani iliamka ikiwa na moyo safi. Mwaka 1948 Rais Harry Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi. Amri, si mapenzi. Watu waliwekwa bweni moja kwa karatasi iliyosainiwa Washington. Walipokuwa bweni moja wakaanza kuimba, na walipoimba, mmoja wao, Clarence Quick, mwenye besi, akatunga "Come Go with Me". Norman Wright akaongoza sauti. Naomba uliweke akilini jambo hili: kupatana kwa sauti zile hakukutanguliwa na kupatana kwa nchi. Kulitangulia, na kwa miaka mingi.

Wala wao kwa wao hawakudumu. Wimbo uliposhika chati, lebo kubwa zikanusa. Baadhi yao walikuwa hawajafikisha miaka 21 waliposaini mkataba wao wa kwanza na lebo ndogo ya Fee Bee, kwa hiyo kisheria waliweza kuuvunja, nao wakahamia Mercury. Kripp Johnson alikuwa na umri wa kutosha, na mkataba ukamshika. Yakazaliwa makundi mawili yenye majina yanayofanana, yakitofautiana karibu herufi moja, na mwaka huohuo wa 1957 yote mawili yakawa na nyimbo kwenye chati. Wasikilizaji waliodhani wanawafuata vijana walewale walikuwa wanafuata nusu na nusu. Hebu fikiria: watu walioomba wafuatane kwa wimbo mtamu namna ile, mwaka haujaisha wameshaachana kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa.

Wimbo lakini haukuwangoja wenyewe. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool, kijana aitwaye John Lennon aliuimba na bendi yake ya Quarrymen. Hakuyajua maneno, akawa anayatunga palepale. Aliyekuwa amesimama akimtazama, na kuvutiwa na ujasiri huo, alikuwa Paul McCartney, mwenye miaka 15. Ndiyo siku waliyokutana. Wimbo wa askari wa Pittsburgh ulikuwa umeshavuka bahari na kuingia midomoni mwa watu wasioujua vizuri. Kundi limepasuka, wimbo mzima. Tutaona kwamba hii ndiyo desturi.

Tuje kwa Beach Boys. Kundi hili lilianza mwaka 1961 huko Hawthorne, California: ndugu watatu wa tumbo moja, Brian, Dennis na Carl Wilson, binamu yao Mike Love, na rafiki Al Jardine. Brian alijifunza kupanga sauti kwa kusikiliza santuri za Four Freshmen, kundi la waimbaji weupe wenye hamoni za kijazi. Alikuwa akikaa kwenye piano, anachambua sauti moja baada ya nyingine kwa sikio, kisha anamfundisha kila mtu ya kwake. Lakini walikulia pia kwenye doo-wop ya redioni, na hawakuificha. Mwaka 1964 walirudia "Why Do Fools Fall in Love" ya Frankie Lymon na Teenagers, na mwaka huohuo "Hushabye" ya Mystics. Mwaka 1976, wakiadhimisha miaka kumi na tano, walirudia "In the Still of the Night" ya Five Satins. Kwao doo-wop ni kama nyumba ya bibi: wanakwenda wakiwa na furaha, na wanakwenda pia wakiwa wameishiwa.

Mwaka 1978 walikuwa wameishiwa. Tuseme ukweli tu. Mwaka mmoja nyuma kundi lilikuwa limefika ukingoni mwa kuvunjika, Mike na Al upande mmoja, Dennis na Carl upande mwingine, Brian katikati akiwa mgonjwa wa akili na mwili, sauti yake ile ya juu iliyojulikana dunia nzima ikiwa imekwaruzika. Sehemu kubwa ya albamu waliirekodi Fairfield, Iowa, kwenye chuo cha wafuasi wa Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa kutafakari kimyakimya. Ndiyo maana albamu inaitwa M.I.U., herufi za kwanza za jina la chuo hicho. Kwa hiyo watu wasioelewana walikwenda mahali panapofundishwa utulivu kutengeneza nyimbo za furaha. Dennis na Carl hawakuonekana sana huko, na Dennis hakuipenda kabisa albamu yenyewe.

Katikati ya albamu hiyo, ambayo wengi hawaihesabu kati ya kazi zao nzuri, unakutana na "Come Go with Me". Al Jardine ndiye aliyeisukuma na ndiye anayeongoza sauti. Na ni nzuri, bana. Besi inaingia, za katikati zinajipanga, ya juu inapaa, na kwa dakika mbili na ushee hakuna ugomvi wowote duniani. Mwaka 1981 ikatolewa kama singo, na Januari 1982 ikafika nafasi ya 18 Marekani. Wakati inapanda chati, Carl hakuwa kwenye kundi. Alikuwa ameondoka mwaka uliopita kwa kuchoshwa na hali ilivyokuwa, akifanya ziara zake mwenyewe. Redio zinapiga wito wa kufuatana. Mwenye sauti tamu kuliko wote amejiendea zake.

Haya basi. Ni uongo?

Hoja ya kwanza ya wanaosema ndiyo ina nguvu. Wanasema: Beach Boys hawakuuza noti peke yake, waliuza picha. Familia, jua la California, ujana usioisha. Mtu aliyenunua singo ile alinunua pamoja nayo imani kwamba kuna mahali fulani watu wanapatana namna ile. Mahali hapo hapakuwepo. Kama muuza maziwa aliyechanganya maji anashtakiwa, kwa nini muuza umoja aliyechanganya chuki aachwe?

Nimeifikiria hoja hii kwa muda, na nadhani inakosea mahali pamoja muhimu. Inadhani hamoni ni taarifa, kama tangazo la habari linalosema "sisi tunapendana". Ingekuwa hivyo ingekuwa uongo, kwa sababu taarifa hupimwa kwa kulinganishwa na hali halisi. Hamoni ni tendo. Wakati Al anashika noti yake na mwenzake anashika nyingine juu yake, hawasemi kwamba wanasikilizana. Wanasikilizana. Huwezi kuigiza kusikiliza katika hamoni, kwa sababu ukiacha kusikiliza inaharibika hapohapo na kila mtu anajua. Chuki unaweza kuificha nyuma ya tabasamu la picha, lakini noti iliyopotoka haifichiki.

Kwa hiyo katika zile dakika mbili na ushee jambo fulani la kweli lilifanyika. Watu wenye sababu nzuri za kutosikilizana walisikilizana. Ni jambo dogo, la muda mfupi, lakini la kweli. Na wahenga walishatuambia kwamba vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Hawakusema kwamba vikigongana si vyombo vya nyumba moja.

Jambo la pili ambalo hoja ile inalisahau ni kwamba kupatana kwa sauti si kufanana. Wote wakiimba noti moja, hiyo si hamoni, ni sauti moja iliyonenepa. Hamoni inataka tofauti ibaki tofauti. Plato, katika Jamhuri, anapotafuta mfano wa mtu mwenye haki, anamlinganisha na mpangilio wa noti ya juu, ya chini na ya kati: kila sehemu ya nafsi inabaki yenyewe, lakini imekaa mahali pake. Hakusema zigeuke kitu kimoja. Sisi mara nyingi tunapodai umoja, nyumbani, kwenye vyama, kwenye nchi, tunadai kila mtu aimbe noti yetu. Halafu tunashangaa kwa nini muziki hautoki.

Na la tatu ni la Aristotle, ambaye alisema tunakuwa watu wa haki kwa kutenda haki, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Hakusema usubiri moyo utakasike ndipo utende. Ukisubiri hivyo utazeeka ukisubiri. Askari wa Pittsburgh hawakungoja Marekani ipone. Bweni lilikuja kwa amri, wimbo ukaja kwa bweni, na nani ajuaye ni vijana wangapi weupe waliousikia wimbo ule redioni, wakaupenda, kabla hawajajua rangi za walioimba. Tendo linaweza kuutangulia moyo. Wakati mwingine ndilo linaloufungulia mlango.

Kwa hiyo ndugu wale waliokorofishana kwenye meza ya harusi siwaiti tena wanafiki moja kwa moja. Nauliza kwanza: wanafanya nini pale? Kama wanapakuliana chakula na kumwacha bibi harusi afurahi siku yake, wanaimba sauti zao. Si lazima wapendane. Inatosha kwa saa nne hakuna aliyepandisha noti.

Lakini siwezi kuishia hapo. Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa wajanja kichaka kizuri cha kujificha. Hamoni ni kweli kama tendo, na ukweli wake unafika pale tendo linapofika. Haufiki mbali zaidi. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua uzuri wa wimbo na kuutumia kama ushahidi kwamba mambo mengine pia yako sawa.

Mfano mkali kuliko wote uko huku kwetu Afrika. Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi wimbo wa Kizulu uitwao "Mbube". Sauti za chini zinazunguka, na Linda anapanda juu yake kwa sauti inayokatika kama upepo. Haki zake aliziachia kampuni ya santuri kwa malipo madogo sana. Inaelezwa shilingi kumi. Wimbo ukasafiri Marekani, ukabadilishwa jina mara mbili, na mwaka 1961 kundi la doo-wop la New York, Tokens, wakaufikisha nafasi ya kwanza kama "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata suluhu mahakamani mwaka 2006, miaka arobaini na minne baadaye. Sikiliza wimbo ule wa Tokens sasa. Sauti zimepatana vizuri sana. Hakuna noti iliyokosewa. Na kuna mtu mmoja ambaye sauti yake imo, ila jina lake na mfuko wake havimo.

Beach Boys wenyewe wana doa la aina hiyo. "Surfin' U.S.A." ya mwaka 1963 ina muziki wa "Sweet Little Sixteen" ya Chuck Berry, lakini ilitoka ikiwa na jina la Brian Wilson kama mtunzi. Baadaye mambo yakarekebishwa na jina la Berry likawekwa. Tofauti na Linda, Berry hakungoja kufa. Lakini kulihitajika kusukumana.

"Come Go with Me" ni tofauti, na ndiyo maana naipenda zaidi kama mfano. Hapa sheria ilifuatwa. Marekani, tangu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909, wimbo ukisharekodiwa kwa ridhaa ya mwenyewe, mtu mwingine anaruhusiwa kuurekodi upya bila kuomba tena, mradi alipe kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho kilikaa senti 2 kwa kila nakala hadi mwaka 1978, mwaka uleule wa albamu ya Beach Boys, kilipopanda kuwa senti 2.75. Malipo hayo ni ya utunzi. Jina la Clarence Quick lilibaki kwenye wimbo kama mtunzi. Hakuna aliyejifanya kaibuni jambo jipya. Hawa walipiga kopi, kama wanavyosema wanamuziki wetu wa bendi, na hawakuona haya kupiga kopi.

Lakini angalia sheria inachokiona na kisichokiona. Inamwona mtunzi. Haimwoni Norman Wright aliyeamua jinsi ya kuliachia neno la kwanza. Haiwaoni waliopanga sauti za katikati, wala hewa waliyoiacha kati ya silabi moja na nyingine, wala aliyegundua kwamba besi ikianza peke yake wimbo unafunguka kama mlango. Beach Boys walipourudia walirudia hayo yote. Kwa lugha ya sheria hawakudaiwa kitu kwa ajili ya hayo. Kwa lugha ya kawaida, ile tunayotumia tukirudisha sufuria la jirani, kuna kitu walidaiwa.

Kulipwaje? Si kwa senti, kwa sababu hakuna anayeweza kuzihesabu. Nadhani deni la namna hii linalipwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuimba vizuri, yaani kuwasikiliza walioimba kabla yako kwa makini yaleyale unayomsikiliza aliyesimama kando yako. Hamoni, ukiifikiria, inaweza kupangwa na watu wasiokuwepo. Al Jardine akiongoza mwaka 1978 anashika nafasi aliyoikata Norman Wright mwaka 1956. Ya pili ni kuwataja. Kulipa kwa kutaja ni rahisi mno kiasi kwamba wengi huona si malipo, lakini muulize yeyote ambaye kazi yake imewahi kupita mikononi mwa watu bila jina lake.

Na majina yana vituko vyake. Tumeona Del-Vikings walivyogawanyika na jina likawa la kugombaniwa. Beach Boys nao yakawakuta. Carl alipofariki Februari 1998, kundi lilisambaratika; Mike Love akapewa leseni ya kutumia jina kwenye ziara, na Al Jardine akaanza kuzunguka na kundi lake akitumia jina lenye maneno Beach Boys ndani yake. Kampuni inayomiliki jina, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wanahisa wake, ikampeleka mahakamani. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Mtu aliyesimama studio mwaka 1978 akawaita wenzake kwa wimbo wa kufuatana, akazuiwa na kampuni ya hao hao wenzake asijiite kwa jina walilokua nalo.

Mwaka 2012 waliobaki waliungana tena kwa maadhimisho ya miaka hamsini. Ziara, albamu mpya, sauti zilezile zikiwa zimekomaa. Kabla mwaka haujaisha, wakatengana tena. Kuna walioandika kwa uchungu kwamba ziara ile ilikuwa maigizo. Mimi sikubali. Walioketi ukumbini jioni zile walisikia wazee wenye kesi nyuma yao na tofauti mbele yao wakishika noti zao bila kuyumba. Huo haukuwa uongo. Ungekuwa uongo kama wangesimama wakasema, "Mnaona? Hatujawahi kugombana." Wimbo hausemi hivyo. Ni sisi tunaousemea.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Wanaoimba kwa kupatana ilhali hawapatani hawatudanganyi, mradi tusiwatake watushuhudie zaidi ya walichofanya, na mradi wao wasitumie utamu wa wimbo kufunika wanachodaiwa. Umoja wa dakika mbili ni umoja wa kweli wa dakika mbili. Atakayetaka wa dakika tatu itabidi aufanyie kazi, kisha azime maikrofoni, atoke nje, alipe watu.

Ukipata nafasi, zisikilize rekodi zote mbili, ya 1957 kwanza halafu ya 1978. Usianze na sauti inayoongoza. Anza na besi. Kwenye ile ya kwanza, aliye chini kabisa, anayewabeba wengine wote, ndiye aliyeutunga wimbo wenyewe. Anaitwa Clarence Quick.